Kikundi cha Waandishi: Jinsi ya Kukipata, Kuingia, na Kutoka na Mswada Ulioimarika

Wengi wanaotafuta kikundi cha waandishi huishia mahali pamoja kati ya hapa patatu. Wapo waliojiunga na grupu la WhatsApp lenye mamia ya watu, wakatupia shairi, wakapata "hongera malenga" kadhaa na vidole gumba, kisha kimya. Wapo waliohudhuria kikao kimoja, kazi yao ikakaangwa mbele za watu, hawakurudi. Na wapo wanaoamini kwamba mjini kwao hakuna kikundi, kwa sababu walichungulia Facebook wakakosa.

Kikundi kinachomfaa mwandishi ni kile ambacho watu wake husoma kurasa zako kabla ya kukutana, kisha wanakwambia walikwama wapi. Hotuba, picha za pamoja na fulana zenye nembo zinaweza kuwapo au zisiwepo. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kukufikisha kwa wasomaji wa namna hiyo, na zinafaa kwa hadithi fupi, riwaya, tamthilia na ushairi. Penye tofauti tumeeleza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kazi moja iliyofika mwisho. Hadithi fupi, sura moja ya riwaya, onyesho moja la tamthilia, au mashairi matatu. Wazo lililo kichwani halihesabiki, maana hakuna mtu anayeweza kulisoma.
- Maelezo ya mistari mitatu kuhusu unachoandika: utanzu, umefika wapi, unataka msaada gani.
- Daftari la maoni, kando na daftari lako la kuandikia. Ukichanganya, maoni ya wenzako yatapotea katikati ya rasimu.
- Kalamu ya rangi tofauti na ile ya uchapaji, kwa kuweka alama kwenye kazi za wenzako.
- Muda. Tenga saa nne hivi kwa kila kikao: mbili za kusoma kazi za wenzako nyumbani, mbili za kikao chenyewe. Safari ni juu yake.
- Fedha za nauli, bando na nakala kwa miezi mitatu. Kurasa sita kwa wasomaji sita ni kurasa 36 za kuchapisha. Zidisha kwa bei ya steshenari ya mtaani kwako ujue mzigo wako kabla hujaahidi.

## Hatua ya 1: Jua unatafuta kikundi cha aina gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea mapema. Kuna makusanyiko ya aina nne na yote huitwa "kikundi cha waandishi".

Kikundi cha kuhakiki miswada kina watu wanne hadi wanane wanaosomeana kazi na kupeana maoni. Mwongozo huu unakihusu hasa.

Kikundi cha kuandika pamoja hukutana, kila mtu akaandika kimya kwa saa moja au mbili, kisha wakaachana. Kinamfaa mtu ambaye shida yake ni kukaa kitini. Hutapata maoni hapo, usilalamike.

Klabu ya vitabu husoma vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Ni mahali pazuri mno pa kuwapata wasomaji makini utakaowaalika baadaye.

Chama kina katiba, uongozi, ada na kadi. Tanzania kuna UWAVITA wa waandishi wa vitabu, UWARIDI wa waandishi wa riwaya, na UKUTA wa washairi. Chama hutetea maslahi, huandaa makongamano na kukukutanisha na wachapishaji. Mwenyekiti wa chama hana wajibu wa kusoma sura yako ya tatu. Anayeingia chama akitarajia hilo huondoka na kinyongo bure. Ingia chama ili ukutane na watu, halafu kati ya watu hao tafuta watatu wa kusomeana nao.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Natafuta watu wa kusoma hadithi zangu fupi za Kiswahili na kunieleza zinapolegea."

## Hatua ya 2: Tafuta kwa miguu kabla ya kutafuta kwa simu

Vikundi vidogo vya kuhakiki havijitangazi. Vikitangaza, watu hufurika na kazi inakufa. Kwa hiyo tafuta watu wanaovijua.

Anzia maktaba. Dar es Salaam nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mikoani nenda maktaba ya mkoa. Nairobi kuna Maktaba ya McMillan katikati ya jiji. Usimuulize mkutubi "mna kikundi cha waandishi?" kwa sababu jibu rahisi ni hapana. Muulize: "Kuna watu wanaokuja kutumia ukumbi au meza moja kusomeana kazi zao? Nani huomba nafasi hiyo?" Mkutubi anawajua kwa sura, na mara nyingi ana namba ya mmoja wao.

Kisha nenda idara za Kiswahili vyuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina TATAKI, taasisi yake ya taaluma za Kiswahili, na Unguja kuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wahadhiri wa fasihi wanajua wanafunzi wao wa zamani wanaoandika. Ukiwa mwanafunzi, CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ni mlango wa karibu zaidi.

Pita pia kwenye vituo vya sanaa. Dar es Salaam angalia mkahawa wa vitabu uitwao Soma, na Nafasi Art Space, vyote vya Mikocheni. Mombasa angalia Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus. Nenda kwenye usiku wa mashairi au uzinduzi wa kitabu, ukae mpaka mwisho, uzungumze na waliosoma jukwaani. Swali moja linatosha: "Kabla hujasoma hapa, nani alikuwa ameisoma kazi hii?" Mtu akikutajia majina, umeshakipata kikundi.

Washairi wana njia moja zaidi, nayo ni redio. Watayarishaji wa vipindi vya mashairi wanawafahamu malenga wa wilaya nzima, na wengi wao ni watu wazima wenye hazina kubwa ya bahari za ushairi ambayo huipati kwingine.

Onyo kwa wakazi wa Nairobi na Kampala: vikundi vingi huko huendesha kazi kwa Kiingereza. Uliza lugha mapema. Kikundi cha Kiingereza kitakusaidia kwenye muundo wa kisa, lakini hakitakwambia kwamba sentensi yako ya Kiswahili imepinda.

Ukiwa ughaibuni, makongamano ya CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, ni pahali pa kuwapata waandishi wa Kiswahili waliotawanyika. Kikao kitakuwa cha mtandaoni, na kitu cha kwanza kukubaliana ni saa ya nchi gani inayofuatwa. Muscat wako saa moja mbele ya Dar es Salaam, na saa za London na Toronto husogea mara mbili kwa mwaka ilhali za Afrika Mashariki hazisogei.

Umefanikiwa ukiwa na majina au namba mbili, tatu za watu, si viungo vya magrupu.

## Hatua ya 3: Omba kuhudhuria, usiombe kusomwa

Mratibu wa kikundi hupokea ujumbe mwingi wenye faili la kurasa 200 na maneno "naomba mnisomee". Huo hujibiwa kwa shukrani na kusahaulika. Andika hivi:

> *Shikamoo Mwalimu. Naitwa ___, nimepewa namba yako na ___ wa maktaba. Naandika hadithi fupi, ninazo mbili zilizokamilika. Naomba kuhudhuria kikao kimoja kama msikilizaji. Kama kuna kazi mnazozisoma kwa kikao hicho, niko tayari kuzisoma kabla. Ahsante.*

Ujumbe huu unafanya kazi kwa sababu umemtaja anayekufahamu, umeonyesha kwamba unayo kazi tayari, na umejitolea kusoma kabla hujaomba kusomwa. Kama mratibu ni rika lako, "habari za leo" inatosha, shikamoo itamkera.

Usipojibiwa kwa siku saba, kumbusha mara moja. Ukikosa tena, nenda kwa jina la pili.

## Hatua ya 4: Hudhuria mara ya kwanza bila kazi yako

Nenda ukatazame. Ukipeleka kazi siku ya kwanza utatumia muda wote ukihofia zamu yako, na hutaona jinsi watu hao wanavyofanya kazi. Tazama haya:

Je, waliisoma kazi kabla? Sikiliza kama wanataja kurasa na majina ya wahusika. Anayesema "kazi nzuri, inafundisha" hajasoma, au amesoma na anaogopa.

Nani anazungumza? Kama mtu mmoja anashika nusu ya muda na wengine wanatikisa kichwa, hilo ni darasa. Darasa si baya, ila lijue hivyo.

Mwandishi anafanya nini anaposahihishwa? Akibishana kwa kila hoja na hakuna anayemtuliza, kikundi hakina taratibu.

Kina dada wanazungumza na kusikilizwa? Angalia pia mahali na saa. Kikao kinachoisha saa tatu usiku mahali pasipo na usafiri kimeshawaondoa watu wengi wazuri.

Ondoka, tena bila kuaga sana, ukikutana na mambo haya: ada kubwa ya kujiunga isiyo na risiti, ahadi ya "kukuchapishia" ukitoa fedha kwanza, sharti la kuwasilisha faili la mswada wako wote kabla hamjajuana. Mchango wa chai na ukumbi ni jambo la kawaida na ni haki.

Ukiridhika, jipe vikao vitatu kabla ya kuamua kubaki. Kikao kimoja kinaweza kuwa kibaya kwa sababu ya mvua.

## Hatua ya 5: Andaa kurasa zako

Urefu. Peleka maneno 1,500, yasizidi 2,000. Kwa herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari, hizo ni kurasa sita hadi nane za A4. Ukizidisha, wasomaji watapitia juu juu na maoni yatahusu mwanzo tu. Mashairi, peleka matatu, yasizidi beti 30 kwa jumla.

Umbo. Weka pambizo ya sentimita 2.5 kila upande ili wenzako wapate pa kuandika. Weka namba za kurasa, na kila aya uipe namba pembeni. Mtu anayesema "aya ya 14" anaokoa dakika nzima ya "pale aliporudi nyumbani, hapana, mara ya pili".

Faili. Wanachama wengi watasoma kwa simu. PDF ya A4 kwenye kioo kidogo hulazimisha kuvuta kila mstari kushoto na kulia, na msomaji huchoka ukurasa wa pili. Tuma faili mbili: la Word, ambalo simu hulipanga upya, na PDF kwa wanaochapisha. Lipe jina linaloeleweka, mfano *Asha_Kisima_rasimu2*. Faili liitwalo *mpya final final* litachanganywa na mengine.

Muda. Tuma siku tano hadi saba kabla. Ukituma usiku wa kuamkia kikao umejichagulia maoni ya daladalani.

Hatua ya rasimu. Peleka rasimu ya pili au ya tatu. Ya kwanza ina makosa unayoyajua mwenyewe, na wenzako watatumia nguvu kukuonyesha ulichokwisha kukiona. Kazi unayoiona imekamilika nayo usiipeleke, kwa maana utakuwa umekwenda kutafuta sifa.

Maswali. Andika matatu mwishoni. "Mnaionaje?" si swali. Uliza yanayojibika: "Ni aya gani ulitaka kuacha kusoma?" "Ulijua lini kwamba Salim ndiye aliyeuza shamba?" "Mazungumzo ya bibi na mjukuu, nani humtambui sauti yake?"

Mshairi aongeze sauti iliyorekodiwa akighani au akisoma. Macho huyasamehe makosa ya mizani ambayo sikio huyakamata palepale.

## Hatua ya 6: Siku ya kazi yako

Mgawo huu wa dakika 30 kwa kazi moja unafaa kikundi chenye wasomaji sita:

- Dakika 3: mwandishi anasoma kwa sauti aya moja au beti mbili.
- Dakika 18: kila msomaji dakika tatu, bila kukatizwa.
- Dakika 5: mazungumzo ya wasomaji wenyewe kwa wenyewe.
- Dakika 4: mwandishi anauliza au kujibu.

Kazi tatu huchukua saa moja na nusu. Nusu saa inayobaki ni ya kuanza, kupumua na kupanga zamu za kikao kijacho.

Katika zile dakika 23 za wasomaji, nyamaza na uandike. Ukieleza mapema kwamba "pale nilimaanisha kuwa alikuwa anaota", wasomaji wataacha kukwambia walichokiona na kuanza kukubaliana na ulichokusudia. Atakayenunua kitabu chako Mwanza au Lamu hatakuwa na wewe pembeni wa kumweleza.

Andika maneno ya msomaji kama alivyoyasema, pamoja na jina lake na namba ya aya. Usiandike tafsiri yako. "Juma, aya 9: sikuamini" ni tofauti na "Juma hakupenda aya 9".

## Hatua ya 7: Soma na uhakiki kazi za wenzako

Tunakaa hapa kwa sababu faida kubwa ya kikundi iko hapa, na ndipo vikundi vingi vya kwetu vinapokwama. Ukiweza kueleza kwa nini ukurasa wa mwenzako unalegea, wiki mbili baadaye utaliona kosa hilohilo kwako.

Soma kazi mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji, weka alama moja tu pembeni kila unapokwama, unapochoka au unapofurahi. Mara ya pili rudi kwenye alama hizo ujiulize sababu.

Tuchukue aya hii:

> *Mwanahawa aliingia chumbani akiwa na huzuni nyingi sana moyoni. Alikaa kitandani. Alikumbuka mambo yote aliyotendewa na mumewe. Machozi yalimtoka.*

Maoni dhaifu: "Aya nzuri ila ongeza hisia." Mwandishi hawezi kufanya lolote na hayo.

Maoni yenye kazi: "Nimeambiwa ana huzuni, sijaiona. 'Mambo yote' ni yapi? Mpaka ukurasa wa nne sijui mume alifanya nini, kwa hiyo machozi hayanigusi. Nilipotaka kujua zaidi ni kitandani: ni kitanda chao wote wawili? Upande wa mume umetandikwa?" Msomaji ametaja mahali, ameeleza kilichomtokea aliposoma, na ameuliza swali linalofungua njia. Hakumwandikia mwenzake aya mpya. Usimwandikie. Ukimpa sentensi yako, ataikataa kwa sababu si yake, na shida itabaki.

Kwa shairi la mizani kumi na sita, hesabu. Mfano:

> *Nimekuja kwenu leo, nina neno la kusema,*
> *Halina tamaa ya cheo, bali kututaka mema,*

Vina vimesimama, *o* na *ma*. Lakini kipande cha kwanza cha mstari wa pili kina mizani tisa: ha-li-na-ta-ma-a-ya-che-o. Mwambie hivyohivyo, kwa kuhesabu. Kisha muulize kama cheo kinahitajika au kimeletwa na kina tu. Hilo la pili ndilo zito, kwa kuwa mizani itarekebishwa dakika moja (*halisaki hata cheo* ni nane), ilhali wazo lililoburutwa na kina litaudhoofisha ubeti mzima. Akiandika shairi huru, usimhesabie mizani. Muulize kwa nini amevunja mstari alipouvunja.

Heshima na umri. Kijana wa miaka 22 atamwambiaje mzee wa miaka 65, aliyewafundisha watu wa rika la baba wa kijana huyo, kwamba sura yake inachosha? Mara nyingi hamwambii, na mzee anakwenda kwa mchapishaji na sura inayochosha. Heshima ibaki, ila ukweli nao upite. Njia tatu husaidia:

Anzeni kuzungumza kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mwalimu akianza, vijana watarudia aliyoyasema au watanyamaza.

Semeni habari za usomaji wenu, si hukumu juu ya kazi. "Mzee, hapa aya ya 6 nilirudi nyuma mara mbili, sikujua anayesema ni nani" haina utovu wa adabu wowote, na mzee ataelewa.

Na mkubwa apeleke kazi yake mapema katika maisha ya kikundi, anyamaze kama wengine, aandike. Akifanya hivyo mara moja tu, vijana wote wanapata ruhusa.

Lahaja. Mtu wa Dodoma akikuta *yuwaja*, *mato* au *ndia* asikimbilie kusema "hiki si Kiswahili". Ni Kiswahili cha Mombasa na Lamu. Swali sahihi ni hili: anayesema ni nani, na anasema hivyo mara zote? Nyanya wa Mji wa Kale akisema *ndia* ukurasa wa 2 na *njia* ukurasa wa 5, hapo pana kosa. Vivyo hivyo kwa lugha ya vijana. Kondakta wa daladala anayezungumza kama taarifa ya habari ni kosa kubwa kuliko neno la mtaani.

Umefanikiwa ukiwa mwandishi anatoka na mambo matatu au manne ya kufanya, anayajua yako aya gani, na bado ana hamu ya kurudi mezani kwake.

## Hatua ya 8: Panga maoni kabla ya kugusa mswada

Usirekebishe usiku uleule. Utafuta vitu vizuri kwa hasira au kwa aibu. Subiri siku mbili, halafu fungua daftari la maoni na uyagawe mafungu matatu.

*Fungu la kwanza* ni maoni yaliyokugonga kwa sababu ulikuwa unayajua. Yafanye yote.

*Fungu la pili* ni mahali palipotajwa na watu wawili au zaidi, hata kama walipendekeza dawa tofauti. Mmoja alisema fupisha, mwingine alisema refusha, wa tatu alisema futa. Usichague dawa kati ya hizo. Wote wamekuonyesha pahali panapouma, na mara nyingi chanzo kiko kurasa mbili nyuma: jambo halikuandaliwa, kwa hiyo lilipofika halikueleweka.

*Fungu la tatu* ni ladha ya mtu mmoja. Mwenye kupenda mafumbo atataka mafumbo. Mshukuru uyaache.

Sura moja usiipeleke zaidi ya mara mbili. Mara ya tatu wenzako wanasoma kumbukumbu zao, si kurasa zako.

## Hatua ya 9: Kama hakuna kikundi, anzisha cha watu watatu

Mnaweza kuanza mkiwa watatu, mkakua polepole mpaka nane na kuishia hapo. Kwa zamu za kazi tatu, watu nane hupata nafasi kila kikao cha tatu. Wakifika kumi na wawili, zamu husubiriwa mno na watu huacha kuja.

Chagueni siku isiyohama: *Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa nne hadi saa sita asubuhi*. "Tutapanga kwenye grupu" ndiyo sababu kubwa ya vikundi kufa, maana kila mwezi mnapoteza wiki mbili mkitafuta siku. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi ziepukeni. Mwezi wa Ramadhani kubalianeni mapema: ama asubuhi, ama mnasimama na kurejea baada ya Idi.

Mahali pawe na meza, mwanga na utulivu: chumba cha maktaba, darasa la shule siku ya Jumamosi kwa ruhusa ya mkuu wa shule, au ukumbi wa serikali ya mtaa. Mgahawa wenye televisheni haufai, hasa siku za mpira. Nyumbani kwa mwanachama panafaa kwa muda mfupi, kisha mwenyeji huchoka kupika.

Andikeni taratibu ukurasa mmoja, si katiba: urefu wa kazi, siku ya kutuma, mgawo wa dakika, mchango wa chai, na sharti kwamba asiyesoma za wenzake zamu mbili mfululizo anasogezwa mwisho wa foleni. Sharti hili litekelezwe hata kwa rafiki. Mratibu abadilike kila miezi mitatu.

Grupu la WhatsApp liwe la faili, tarehe na taarifa za dharura. Picha za asubuhi njema, siasa na matangazo ya biashara yakiingia, faili la mtu litazama chini ya jumbe mia na hatalisoma yeyote.

Jiwekeeni lengo lenye tarehe. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni mifano. Chukueni tarehe ya mwisho ya kupokea miswada, hesabuni nyuma miezi sita, mgawane zamu. Someni masharti kwa makini. Tuzo nyingi hutaka kazi ambayo haijachapishwa, na kuibandika yote kwenye ukurasa wa Facebook kunaweza kuhesabiwa kuwa umeichapisha.

## Hofu ya kuibiwa kazi

Hofu hii huwazuia wengi, kwa hiyo tuiweke sawa. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa. Huhitaji cheti ili uwe mmiliki. Tanzania hilo liko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, hupokea usajili wa hiari unaokusaidia kuthibitisha ukigombana na mtu. Kenya kazi hiyo ni ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko.

Kinacholindwa ni maneno na namna ulivyoyapanga. Wazo tupu, mfano "mwanamke anayerudi kijijini kudai shamba", halilindwi na hakimiliki.

Kujilinda kwa vitendo: tuma sura moja moja, usitume mswada mzima, tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, hifadhi rasimu zako zote bila kufuta za zamani, na wekeni sharti kwamba faili la mwenzako halipelekwi nje ya kikundi bila ruhusa yake.

## Lini uondoke

Ondoka ikiwa vikao vitatu mfululizo umerudi bila jambo hata moja la kurekebisha na bila kujifunza kitu kwenye kazi ya mwingine. Ondoka pia ukijikuta unaandika ili uwafurahishe watu hao sita, unakwepa mambo ambayo unajua watayapinga. Na ondoka mara moja palipo na kudhalilishwa kwa namna yoyote.

Maliza kwanza kusoma kazi ulizokwisha kupokea, tuma maoni yako kwa maandishi, kisha mwandikie mratibu ujumbe mfupi wa kuaga. Usiache kimya, kwa sababu kuna mtu atakayetuma kurasa zake akikuhesabu miongoni mwa wasomaji wake.